Dopamini inabebeshwa mzigo wote peke yake: uzi wa serotonini na panya wanaojidunga kokeini

Mtunza Panya (mleta uzi)

Wakuu habari za saa hizi. Nimekuwa nasoma nyuzi za uraibu humu kwa muda mrefu bila kuchangia na kila uzi unaishia palepale, anatokea mtu anaandika "hiyo ni dopamini tu", yaani ile kemikali ya ubongo inayohusishwa na raha, watu wanagonga like, biashara imeisha. Leo na mimi nitie neno maana hii kitu nimeishi nayo, karibu miaka miwili nilikuwa kwenye maabara nikisomea dawa na ubongo, mwanzo kazi yangu ilikuwa kusafisha mabanda ya panya, baadaye nikaruhusiwa kukaa na maboksi yenyewe. Ntaandika kwa vipande, mwenye haraka apite tu tusilaumiane.

Kwanza mjue boksi lenyewe likoje. Ni kiboksi kinachomtosha panya mmoja, sakafu ya vyuma vyembamba, ukutani kuna vijiti viwili vya kubonyeza na juu ya kila kijiti kuna taa ndogo. Kijiti kimoja kiko hai, kingine kimekufa, hakifanyi chochote, kimewekwa makusudi ili ujue kama panya anaitaka dawa au anabonyeza tu kwa kuchangamka. Mgongoni mwa panya kunatokea mrija uliofichwa ndani ya springi, ule mrija unaingia chini ya ngozi mpaka kwenye mshipa wa shingo, na juu ya boksi kuna pampu yenye bomba la sindano. Akibonyeza kijiti hai taa inawaka, pampu inalia zzzzz sekunde chache, kokeini inaingia kwenye damu. Baada ya siku kadhaa panya anaijua ile sauti vizuri sana, ikilia tu anasimama, anainua pua juu, halafu anaanza kuzunguka zunguka na kichwa kinacheza.

Sasa unapimaje hamu? Unampandishia bei. Dozi ya kwanza anabonyeza mara 1, ya pili mara 2, halafu 4, 6, 9, 12, 15, 20, 25, 32, 40 inaenda hivo hivo. Kuna mahali atafika anakaa chini, anajilamba manyoya, hataki tena. Hiyo namba aliyoishia ndo tunaiandika. Kwa lugha ya mtaani ni bei ya mwisho anayokubali kulipa. Shikeni hiyo maana ntairudia sana huko mbele.

Haya, hoja sasa. Seli ya neva ikimwaga dopamini haiiachi izagae, inairudisha ndani kwa pampu ndogo ndogo. Kokeini inaziba hizo pampu, dopamini inajaa nje, ndo raha inakuja. Amfetamini, kichangamshi kingine, ni jeuri zaidi, yenyewe inaingia mpaka ndani ya seli na kuigeuza pampu isukume kwenda nje. Mpaka hapo wote tunakubaliana. Ila watu wanasahau kwamba kokeini haizibi pampu ya dopamini peke yake, inaziba tatu, ya dopamini na za kemikali nyingine mbili za ubongo, noradrenalini na serotonini.

Mwaka 1996 maabara ya Marc Caron pale Duke, Marekani, wakatoa panya wa jamii ndogo waliozaliwa bila jeni ya pampu ya dopamini kabisa. Akili ya kawaida inasema panya kama huyu kokeini haina pa kumshikia, ataachana nayo. Mwaka 1998 wakawekwa kwenye boksi. Wakajidunga kama kawa! Mwaka huohuo kundi lingine likatumia njia tofauti, ile ya vyumba viwili, chumba kimoja panya anapewa dawa na kingine anapewa maji ya chumvi tu, halafu siku ya mwisho anaachiwa achague akae wapi, nao wakakuta panya wasio na pampu ya dopamini bado wanakikimbilia chumba cha kokeini. Ilibidi ifike 2001, walipopatikana panya wasio na pampu ya dopamini WALA ya serotonini, ndipo mapenzi na kile chumba yakaisha.

Kwahiyo serotonini imo kwenye hii kesi. Swali ni imo kama nani, mshtakiwa au shahidi. Ntarudi.

Bibi Sukari

Mkuu nimekaa kwenye kigoda na kahawa yangu, endelea. Ila swali la mtu wa kawaida, serotonini si ndo ile kemikali ya furaha? Sasa inahusiana vipi na unga?

Mtunza Panya

Dada yangu hilo jina la "kemikali ya furaha" limewachanganya wengi. Serotonini ya mwilini sehemu kubwa kabisa, kama asilimia 90, iko kwenye utumbo, hata mgunduzi mmojawapo Erspamer kule Italia aliikuta kwanza kwenye utumbo miaka ya 1930 akaipa jina lingine kabisa. Jina serotonini lilikuja 1948 kwa akina Rapport, Green na Page pale Cleveland waliokuwa wanatafuta kitu kwenye damu kinachobana mishipa. Habari ya ubongo ikaja 1953 kupitia Betty Twarog. Yaani furaha imebandikwa baadaye kabisa.

Kwenye ubongo seli zinazotengeneza serotonini ni chache, zimejikusanya katikati ya shina la ubongo, ila nyuzi zake zinakwenda karibu kila kona. Zinafika mpaka kwenye seli za dopamini zenyewe na kule dopamini inakomwagwa. Ndo maana haiwezekani ukaigusa moja ukaiacha nyingine.

Na jibu la kwanza la swali lako lilikuja mapema tu. Mwaka 1990 Loh na Roberts walichukua panya wakaua nyuzi za serotonini za ubongo wa mbele kwa sumu maalum inayochagua seli hizo, halafu wakawapima ile bei niliyosema. Bei ikapanda. Panya asiye na serotonini analipa zaidi kwa dozi ileile. Kwahiyo picha ya kwanza ni hii, serotonini inakanyaga breki.

Ushahidi mwingine wa breki ni kwenye dawa zenyewe. Ukipanga dawa za ukoo wa amfetamini kwa jinsi zinavyomwaga serotonini kulinganisha na dopamini, hamu ya nyani inapungua kadiri serotonini inavyozidi. Fenfluramini iliyokuwa dawa ya kupunguza unene inamwaga serotonini karibu tupu, nyani hawajidungi kabisa. Na MDMA (ile ekstasi) iko katikati, wanajidunga ila kwa uvivu, sio kama kokeini.

Kichwa Ngumu

Sasa mkuu mbona rahisi, kama serotonini ni breki si tuwape mateja vidonge vya sonona vinavyopandisha serotonini uraibu uishe? Au wenye makampuni hawataki 😂

Mtunza Panya

Hahaha Kichwa Ngumu hujawahi kuniangusha. Hiyo imejaribiwa bana, zamani. Fluoxetini kwa panya inapunguza kujidunga kokeini, hiyo ni kweli. Kwa binadamu majaribio hayakuleta kitu cha kujivunia. Na sababu mojawapo ndo kiini cha uzi huu kwahiyo soma polepole.

Serotonini ni ufunguo mmoja. Makufuli yake, yaani vipokezi, ni aina 14 hivi kwenye familia 7. Karibu zote zinafanya kazi kwa kuamsha protini za ndani ya seli, isipokuwa familia ya 3 ambayo ni mlango kabisa unafunguka chumvi zinapita. Ukimeza kidonge kinachopandisha serotonini unafungua makufuli yote kwa mpigo, ya breki na ya mafuta. Ni kama dereva anayekanyaga pedali zote halafu anashangaa gari halieleweki.

Kwahiyo ukiniuliza "serotonini inaongeza uraibu au inapunguza" mimi nakurudishia swali: kipokezi kipi, kimekaa kwenye seli gani, na panya yuko siku ya ngapi?

Tuanze na ndugu wawili wa familia ya 2, maana hawa ndo mfano msafi. 2A na 2C. Wanafanana kwa umbo mpaka ilichukua muda kupata dawa ya kumgusa mmoja bila mwenzie. Mwaka 2002 kundi la Fletcher kule Toronto wakatumia dawa mbili, moja inaziba 2A tu nyingine inaziba 2C tu. Ukiziba 2C panya anakimbia zaidi akipewa kokeini na anajidunga zaidi. Ukiziba 2A, mbio zinapungua, kujidunga kwa kila siku hakubadiliki ila ikija habari ya KURUDI, yaani panya ameshaachishwa, kijiti kimezimwa siku nyingi, halafu unamchokoza na dozi ndogo uone kama atarudi kukibonyeza, hapo mwenye 2A iliyozibwa harudi sana. Mnaona? Ndugu wa tumbo moja, serotonini ileile, kazi kinyume kabisa, na hata hiyo kazi ya 2A haionekani mpaka ubadilishe swali kutoka "anatumia?" kuwa "anarudia?".

2C inafanyaje breki: imekaa sana kwenye seli zile za kutuliza zilizo jirani na seli za dopamini. Ukiiamsha, seli ya kutuliza inaamka, inamnyamazisha jirani wa dopamini. Panya waliozaliwa bila 2C wanaonyesha hivyohivyo, kokeini inawachanganya zaidi. Ila hao wana mengi, wanakula sana, wananenepa, wana kifafa, kwahiyo sio wa kuwategemea peke yao.

Dokta wa Usiku

Mleta uzi uko vizuri ila umekwepa 1B, kile kipokezi cha familia ya 1, makusudi nimekuona 😄 Hapo ndo wengi tulikwama darasani. Panya asiye na 1B anaitaka kokeini zaidi, sawa, hiyo ni breki. Alafu ukimpa panya wa kawaida dawa ya KUAMSHA 1B naye anaitaka kokeini zaidi. Sasa ni breki au ni mafuta? Haiwezi kuwa vyote.

Mtunza Panya

Daktari sikukwepa, nilikuwa naivutia pumzi. Na ndo inaweza kuwa vyote, subiri.

Upande wa kwanza, 1998, panya wa kundi la René Hen wa Columbia wasio na jeni ya 1B, wanahangaikia kokeini kuliko wenzao. Upande wa pili mwaka huohuo, panya wa kawaida wakiamshwa 1B kwa dawa, ile bei inapanda. Watu wakagawanyika. Maelezo ya kwanza ni kwamba panya aliyezaliwa bila kipokezi amekua bila hicho kitu tangu tumboni, ubongo ulishajipanga upya, kwahiyo unapima mjengo mwingine kabisa. Ni kama mtu aliyezaliwa bila mkono mmoja na aliyefungwa mkono leo asubuhi, hawawezi kufanana.

Maelezo ya pili ni mahali. 1B inakaa kwenye ncha ya seli, pale inapotolea kemikali, na kazi yake ni kuiambia ncha "punguza kutoa". Sasa ncha ya nani? Ikikaa kwenye ncha ya seli ya kutuliza inayoenda kwenye seli za dopamini, ukipunguza utulizaji dopamini inaachiwa. Umeshika breki ya breki! Hayo ndo mafuta yako. Ikikaa kwenye ncha ya seli ya kuchochea, ukipunguza uchochezi ni breki ya kweli.

Maelezo ya tatu ndo yalinifanya nipende hii fani. Kundi la Neisewander kule Arizona, 2012. Waliwapa panya dawa ya kuamsha 1B wakati wanatumia kokeini kila siku, bei ikapanda kama ilivyojulikana. Halafu wakawaweka panya siku 21 bila kokeini. Wakawarudisha boksini, dawa ileile, kijiti kilekile. Bei ikashuka. Kipokezi kilekile kiligeuka upande ndani ya wiki tatu za kukaa banda la kawaida bila kufanyiwa chochote.

Kwahiyo daktari wote walikuwa sahihi, ila walimpima panya siku tofauti.

Bibi Sukari

Aisee hiyo ya siku 21 imenisisimua mwili. Sasa mkuu, wote wanakuwa waraibu? Maana kwa watu wengine anajaribu anaacha, wengine ndo basi tena.

Mtunza Panya

Swali zuri sana dada. Hapana. Nilikuwa na panya mmoja, namba zake sizikumbuki ila nilikuwa namwita Mzee, dume lenye sikio lililochanika. Mrija wake ulikuwa mzima, nilishaupima zaidi ya mara moja maana nilidhani umeziba, na mirija kuziba ndo gonjwa la hii kazi, unaweza kupoteza wiki mbili za data kwa kijidonge cha damu. Pampu inafanya kazi, dawa inaingia. Mzee anachukua dozi zake chache, anakwenda kona ya mbali, analala. Jirani yake boksi la pili anabonyeza mpaka kijiti kinalegea.

Kundi la watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, mwaka 2004 walipima panya baada ya miezi mitatu hivi ya kujidunga kwa vigezo vitatu, anaendelea kubonyeza hata akijua dawa haipo, analipa bei kubwa, na anaendelea hata akipigwa shoti ya umeme miguuni. Waliotimiza vyote vitatu ni kama asilimia 17 tu.

Sasa unganisha na serotonini. Maabara ya Christian Lüscher kule Geneva. Wana panya wa jamii ndogo ambao seli zao za dopamini zinawashwa moja kwa moja kwa mwanga, panya akibonyeza anajiwashia mwenyewe, hakuna kokeini, hakuna serotonini, ni dopamini tupu. Ukianza kuweka shoti, kama asilimia 60 wanaendelea kubonyeza hivyohivyo. Kwa kokeini ni kama asilimia 20. Jiulize kwanini dopamini tupu ni mbaya mara tatu kuliko unga wenyewe.

Jibu walilitoa 2021. Walichukua panya ambao pampu yao ya serotonini imebadilishwa kidogo tu, inafanya kazi zake zote ila kokeini haiwezi kuishika. Kwahiyo wakijidunga, dopamini inapanda, serotonini inabaki palepale. Wanaong'ang'ania licha ya shoti wakaongezeka. Wakageuza, wale wa mwanga wakapandishiwa serotonini kwa dawa, wang'ang'anizi wakapungua. Na kipokezi kinachofanya hiyo kazi ni kipi? 1B! Imekaa kwenye ncha za nyuzi zinazotoka ubongo wa mbele, juu ya macho pale, kwenda kwenye sehemu inayoendesha mazoea. Walipoifuta 1B kwenye njia hiyo peke yake, wang'ang'anizi wa kokeini wakaongezeka.

Yaani kokeini inakuja na sumu na kijidawa kidogo cha hiyo sumu kwenye pakiti moja. Mimi hii nikiisoma nilirudi kumfikiria Mzee.

Kichwa Ngumu

Mkuu hizi zote ni stori za kufungia panya kwenye boksi la upweke. Kuna yule jamaa aliyewajengea panya bustani wakaacha madawa kabisa, hilo hamlisemi. Mpe panya maisha mazuri uone kama atagusa.

Mtunza Panya

Tunalisema sana, ila Bruce Alexander na bustani yake walikuwa na mofini, sio vichangamshi, ni ukoo mwingine wa dawa. Hata hivyo hoja yako ina nguvu kuliko mfano wako. Bordeaux 2007 panya walipewa uchaguzi kati ya kokeini na maji matamu ya sakarini, asilimia 94 wakachagua utamu. Na 2018 kundi la mtafiti Shaham wakawapa panya uchaguzi kati ya methamfetamini na kufunguliwa mlango wa kukaa na panya mwenzao, karibu wote wakamchagua mwenzao. Kwahiyo boksi la upweke ni udhaifu wetu kweli, na tafiti nyingi za zamani zilitumia madume tu juu ya hapo. Nakubali. Ila hilo halifuti 1B.

Pweza Mkavu

Naingia kwa jina langu 😂 nasikia kuna waliompa pweza MDMA?

Mtunza Panya

Ni kweli, 2018, Dölen na Edsinger. Pweza aina hiyo kwa kawaida anaishi peke yake na hapendi kusogelewa, alipowekewa ile dawa kwenye maji akaenda kukaa karibu na mwenzie na kumshikashika. Kilichonivutia ni kwamba ile pampu ya serotonini, pale dawa inaposhikia, inafanana kwa pweza na kwa binadamu, na sisi na yeye tulitengana zaidi ya miaka milioni 500. Ila hiyo sio uraibu, hakuna aliyempa pweza kijiti.

Dokta wa Usiku

Turudi kwenye tiba. Lorkaserini ilifia wapi? Inaamsha 2C, ilionekana ndo yenyewe.

Mtunza Panya

Ilikuwa na kila sababu ya kufaulu. Fenfluramini ilitolewa sokoni 1997 kwa kuharibu valvu za moyo, mchawi akiwa kipokezi cha 2B kilichoko kwenye moyo, kwahiyo lorkaserini ikatengenezwa iguse 2C na kuikwepa 2B. Marekani wakaipitisha 2012 kwa ajili ya unene. Panya wakapunguza kokeini, nyani rhesus wakapunguza, hata nikotini kwa panya ikashuka. Ikaja kwa watumiaji wa kokeini kwenye majaribio ya maabara, haikufanya ilichofanya kwa nyani. Halafu Februari 2020 ikaondolewa sokoni kwa sababu data za muda mrefu zilionyesha saratani zimeongezeka kidogo kwa waliokuwa wanaimeza.

Na hata kwa wanyama kuna kitu kinanisumbua. Ukiamsha 2C, panya anapunguza kokeini, anapunguza chakula, anapunguza kutembea. Sasa amepoteza hamu ya unga au amechoka tu? Ndo maana kile kijiti kilichokufa na bakuli la chakula pembeni vina maana kuliko grafu nzuri. Mimi mwenyewe niliwahi kufurahia grafu siku nzima, jioni nachungulia boksini nakuta panya kalala chali kama kapigwa ganzi, kumbe nimekosea kukokotoa dozi.

Bibi Sukari

Na Mzee aliishia wapi?

Mtunza Panya

Dada, kipokezi huwezi kukiona ukiwa umekaa nje ya boksi. Mwisho wa jaribio wote wanalazwa usingizi wasioamka, ubongo unatolewa, unagandishwa, unakatwa vipande vyembamba kuliko unywele. Mzee nilimkata mimi. Vipande vyake vilikaa kwenye friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na nilipoondoka pale vilikuwa bado havijapimwa.